Gari Safi Katika Mji wa Vumbi

Kuanzia Juni hadi Novemba mvua hainyeshi Dodoma. Upepo ndio unaoshika zamu. Unachota vumbi kwenye viwanja vinavyojengwa Ilazo na Nzuguni, kwenye njia za ng'ombe za Veyula, kwenye mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa, na kulimwaga mjini bila kuchagua mtaa. Gari lililooshwa saa mbili asubuhi, likienda Nkuhungu na kurudi Area D, saa sita mchana limeshapata tena rangi ya barabara. Kila mwenye gari hapa analijua hilo. Na bado anaosha.

Mtu anayelipa fedha kwa kitu kitakachodumu saa nne hanunui usafi peke yake. Kuna kitu kingine anachonunua, na kwa kuwa maelfu ya watu wanakinunua kila wiki katika mji ambao maji yake ni ya mgao, inafaa tujiulize ni kitu gani, na kama ni haki kukinunua.

Tuanze na mahali penyewe. Sehemu ya kuoshea magari haihitaji mengi: kiwanja kando ya barabara, zege lililomwagwa kwa mteremko kidogo, tenki jeusi juu ya mnara wa vyuma, mashine ya presha inayonguruma kama pikipiki yenye kikohozi, ndoo, sabuni ya unga, dodoki, na mataulo ambayo zamani yalikuwa meupe. Chini ya mwarobaini kuna benchi. Pembeni kuna grosari na jiko la chipsi, maana mteja anayesubiri ni mteja mara mbili. Ukiwa na muda wa kukaa kwenye benchi hilo, utajifunza kuhusu nchi yako mambo ambayo hukuyapata kwenye somo la uraia.

Sehemu hizi zimeongezeka pamoja na mji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 ulibaki kama ahadi ya mtu anayesema "nakuja" huku hajavaa hata viatu. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba sasa Serikali inahama kweli. Waziri Mkuu alihamia mwaka huohuo, na Rais mwenyewe mwaka 2019, mwaka ambao Mji wa Serikali wa Mtumba ulizinduliwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu karibu 411,000 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000. Watu hao walikuja na masanduku, na wengine walikuja na magari. Vijana wa Bahi, Kondoa, Mpwapwa na Singida nao wakaja, wakiwa na mikono tu. Magari na mikono vikakutana kwenye zege la mteremko.

Jambo la kwanza utakaloliona ukiwa kwenye benchi ni kwamba foleni haifuati nani ametangulia kufika. Inafuata namba za gari. IST ya mwalimu inaweza kuwa imefika saa nne kamili, tayari imepakwa povu, na shangingi lenye namba za STK likaingia saa nne na robo. Povu la IST litakauka juani. Hakuna aliyetoa amri. Dereva wa shangingi hakusema neno, ameshusha kioo nusu tu. Kijana mwenye bomba la presha amegeuka mwenyewe, kama alizeti linavyogeukia jua.

Vijana hawa wanazisoma namba haraka kuliko trafiki. STK, hilo ni la Serikali. SU, shirika la umma. DFP, mradi wa wafadhili, na dereva wake huenda akataka risiti. T na herufi tatu, hapo inabidi kutazama zaidi: ni Crown, ni Noah, au ni Vitz iliyonunuliwa kwa mkopo wa kikoba? MC, pikipiki na bajaji, zinaoshewa kule pembeni, kwa ndoo, na mara nyingi bodaboda anaazimwa dodoki aoshe mwenyewe. Namba ikishasomwa, jina linafuata. "Mheshimiwa, karibu." "Bosi, nje tu au nje na ndani?" "Mkuu, na injini tupige?" Anayefika na Passo yenye bampa lililofungwa kwa waya anaitwa "kaka" au "mdogo wangu". Mama mtu mzima anaitwa "mama" awe na gari gani, na mzee wa Kigogo aliyekuja na pikapu yake kutoka Hombolo anasalimiwa "mbukwenyi" na vijana wa nyumbani, kisha anasubiri zamu kama wengine. Umri bado unapata salamu. Maji yanakwenda kwanza kwa cheo.

Ni rahisi kuwalaumu vijana kwa hilo. Lakini fikiri kama wao. Kijana wa presha kwa kawaida hana mshahara. Mashine ni ya mtu mwingine, kiwanja ni cha mtu mwingine, na jioni lazima mwenye mali apelekewe hesabu. Kinachobaki baada ya hesabu, sabuni na umeme ndicho wanachogawana. Hana mkataba, hana bima, na wengi hawana hata gambuti: miguu yao inashinda majini, vidole vimekunjamana na kubabuka kwa sabuni. Kwa mtu wa namna hiyo, dereva wa shangingi ni mteja atakayerudi kesho na keshokutwa, huenda kila siku ya kikao cha Bunge, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni bajeti inapojadiliwa. Mwalimu wa IST atarudi mwisho wa mwezi. Kijana anapiga hesabu ambayo jamii imemwandikia ubaoni. Kama tunataka apige nyingine, si yeye wa kufutwa, ni ubao.

Jambo la pili unaloliona ni imani. Mtu anayefunga geti lake kwa kufuli mbili, anayeficha simu akipita Sabasaba, anafika hapa na kumpa funguo za gari kijana ambaye hajui jina lake. Ndani ya gari kuna mkoba, kuna stakabadhi za benki, kuna kiatu kimoja cha mtoto chini ya kiti, kuna dawa, kuna chupa tupu ambayo mwenye gari asingependa mkewe aione. Kijana anaosha ndani. Anaona yote. Anajua nani anakula wapi, nani ameanza kwenda hospitali, nani alisafiri na nani. Sarafu zilizodondoka chini ya kapeti anazikusanya na kuziweka kwenye kikasha kilicho kati ya viti, ambapo mwenyewe ataziona.

Wanafalsafa wamezoea kuuliza mtu atafanya nini akiwa haonwi na mtu. Plato aliwahi kuuliza hivyo kwa hadithi ya pete inayomfanya mvaaji asionekane. Dodoma swali hilo linajibiwa kila siku na kijana aliyeinama ndani ya gari la mtu, milango minne wazi, mwenye gari akiwa kwenye grosari anatazama mpira. Wapo wanaoiba, kama walivyopo wanaoiba ofisini. Lakini biashara nzima isingesimama hata wiki moja kama wengi wao wasingekuwa waaminifu. Tunaishi kwa kuegemea uaminifu wa watu ambao hatujawahi kuwapa sababu ya kutuwia wema. Halafu tunaondoka tukisema gari limetakata, bila kusema nani amelitakatisha. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Vinavyong'aa navyo vimesuguliwa.

Hayo mawili, foleni na imani, yangetokea katika mji wowote. Dodoma ina la tatu, na ndilo zito: maji.

Jina la mji huu lenyewe ni habari ya maji. Wagogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha huku, akazama kwenye tope, na waliomwona wakasema "idodomya", yaani amezama, amedidimia. Kwa hiyo mji ulipata jina kwa mnyama aliyefuata maji akanaswa. Nchi yenyewe ni kame: mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Wazee wa Ugogo wamezipa njaa majina kama wengine wanavyowapa watoto. Mtunya, njaa iliyokuja wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuendelea baada yake, ilitokana na ukame, lakini pia na majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Somo lake halijachakaa: katika nchi kame, anayekuja na mamlaka anaweza kumaliza kile kidogo ambacho wenyeji walikuwa wamekihesabu kwa vikombe.

Leo sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji inatoka chini ya ardhi, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Visima hivi vina sifa ambayo watu wengi wanaovitegemea hawaijui. Kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa kwa miongo mingi, na mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilitoa uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 za bonde hili. Watafiti waligundua kwamba maji hayaongezeki kidogo kidogo kila masika. Kwa miaka kadhaa mfululizo kina hushuka, kisha inakuja masika moja isiyo ya kawaida, mara nyingi ya El Niño kama ile ya 1997 na 1998, nayo inajaza hazina. Baada ya hapo tunaanza tena kutoa.

Kwa maneno mengine, maji yanayotoka kwenye bomba la presha pale kando ya barabara ya Iringa hayakunyesha juzi. Yanaweza kuwa yalinyesha wakati wewe unayesoma hapa hujazaliwa. Ni akiba. Na akiba haiulizi kama bili imelipwa. Inauliza nani atakuja baada yako.

Sasa weka vitu viwili sambamba. Tuchukulie shangingi linaoshwa kwa maji ya ndoo sita za lita 20. Hizo ni lita 120. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kwa hiyo gari moja limekunywa maji ya mtu mmoja ya siku nzima, na likabakisha. Mita chache kutoka hapo anapita kijana mwingine na mkokoteni wa madumu, anapeleka maji kwenye mitaa ambayo bomba lake linakohoa hewa. Anayeyasubiri ni mama ambaye kwa fedha ya kuoshea gari hilo mara moja angenunua madumu kadhaa, na ambaye kwa kila lita analipa zaidi kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba.

Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alishangaa kwamba maji, ambayo bila hayo hatuishi, yana bei ndogo, huku almasi, ambayo haina kazi ya maana, ina bei kubwa. Jibu la wachumi waliofuata ni kwamba maji ni rahisi kwa sababu ni mengi. Dodoma maji si mengi. Hapa kitendawili kinageuka kuwa kingine: kwa nini penye uhaba bado maji yanapata njia ya kufika kwenye bati la gari kwa uhakika kuliko kwenye sufuria? Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 inasema wazi kwamba mahitaji ya msingi ya binadamu yatangulie matumizi mengine. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Hakuna karatasi inayosema gari litangulie. Lakini maji hayasomi karatasi. Yanafuata mteremko, na katika jamii mteremko unachimbwa na fedha na cheo.

Basi tufunge sehemu zote za kuoshea magari? Wapo wanaosema hivyo, hasa mwezi wa Oktoba. Cape Town ilifanya jambo linalokaribia hilo mwaka 2018, mabwawa yake yalipokaribia kukauka: kila mtu aliwekewa kiwango cha lita 50 kwa siku, na kuosha magari kwa maji ya bomba la mji kukapigwa marufuku. Kwa miezi hiyo, gari chafu likawa ushahidi wa uraia mwema. Hatua ya namna hiyo ina heshima yake pale mji mzima unapokabili ukingo mmoja.

Hapa kwetu nina sababu tatu za kuisita. Ya kwanza, maji ya magari ni sehemu ndogo ya tatizo. Ripoti za EWURA zimekuwa zikionyesha kwamba mamlaka za maji nchini hupoteza zaidi ya asilimia 30 ya maji yanayozalishwa kabla hayajalipiwa, mengi yakivuja njiani kwenye mabomba. Kumkamata kijana mwenye ndoo na kuliacha bomba kuu likibubujika mtaroni ni kuchagua mkosaji kwa wepesi wa kumshika. Ya pili, marufuku ya namna hiyo haimgusi mwenye shangingi. Ataoshewa nyumbani, nyuma ya ukuta, na mlinzi wake. Atakayelala njaa ni kijana wa Bahi ambaye mtama wake ulikauka na ndoo ikawa shamba lake jipya. Ya tatu ni kwamba hiyo hela anayoipata si ya anasa. Inarudi kijijini, inageuka daftari la mdogo wake, au debe la mahindi mwezi Januari, wakati maghala ya Ugogo yako matupu na mazao bado hayajakomaa.

Kuna hoja nyingine ya kuitetea kazi hii, na inahusu kung'aa kwenyewe. Tukisema kila anayeosha gari ana majivuno, tunasema uongo. Mtazame bodaboda anavyoosha Boxer yake kwa dodoki la kuazima. Anaingiza kidole kwenye kila spoki. Pikipiki ile ni ofisi yake, ni deni lake, na ndiyo maana ya mke wake kumwita baba fulani mbele za watu. Anapoiosha anaitunza, na anajitunza. Hiyo ni aina ya kwanza ya kung'aa: kutunza ulichonacho. Kisha kuna familia inayopeleka Noah kuoshwa Jumamosi kwa sababu Jumapili kuna harusi Kondoa. Wanakwenda kwa watu, na mtu haendi kwa watu na vumbi la wiki nzima. Hiyo ni aina ya pili: kuwaheshimu unaokwenda kwao. Zote mbili zina maadili ndani yake. Waswahili tunasema usafi ni tabia, wala hatukukosea.

Aina ya tatu ni ile ya kujitenga. Hapo gari linaoshwa ili mwenye nalo asifanane na mazingira yake. Kila mtu Dodoma ana vumbi: viatu vya mwanafunzi wa UDOM vina vumbi, mboga za Majengo zina vumbi, mashuka yaliyoanikwa yana vumbi. Kitu pekee kisicho na vumbi kinapita katikati, vioo vyeusi, kinasema: mimi siishi mnapoishi. Kung'aa huku hakuhitaji kudumu. Kunahitaji kuonekana leo, kisha kununuliwa tena kesho, na kule kununuliwa tena kesho ndiko kunakotoa ujumbe.

Namna ya kuzitofautisha aina hizi ni kuuliza maswali mawili mepesi: nani analipa, na nani anatakiwa aone? Bodaboda analipa mwenyewe, naye ndiye wa kwanza kuona. Familia inalipa yenyewe, na wanaotakiwa kuona ni wenyeji wao. Shangingi la umma linalooshwa kila siku analipia nani? Wewe na mimi, pamoja na yule mama wa madumu, kupitia kodi iliyomo kwenye sukari na vocha. Na nani anatakiwa aone? Sisi hao hao. Tunalipia kioo cha kutuonyesha umbali wetu.

Nchi hii imewahi kulitafakari jambo hili kwa sauti. Miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mchanga, watu walibuni kabila jipya, Wabenzi, kuwaita viongozi waliotambulika kwa Mercedes-Benz. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, na Benzi likapisha shangingi. Tarehe 9 Desemba 2015 tuliona picha nyingine: sherehe za Uhuru zimefutwa, fedha zimeelekezwa kwingine, na siku imekuwa ya usafi nchi nzima, wakati kipindupindu kikiua watu. Rais aliokota taka karibu na Ikulu. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu mengi yaliyofuata. Lakini siku ile usafi ulimaanisha kuinama na kusafisha kilicho chetu sote. Neno ni lilelile, usafi, ila mwelekeo wa mgongo ni tofauti.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho benchi la chini ya mwarobaini linakifundisha, nacho ni kuhusu vumbi lenyewe. Tumezoea kuliona kama uchafu. Kwa kijana wa presha vumbi ni habari. Tope jekundu lililokauka juu ya tairi linamwambia gari lilikwenda mbali na lami. Majani yaliyonasa chini ya bampa yanamwambia lilipita porini. Gari la bwana shamba ambalo halina hata chembe ya vumbi, wiki nzima, mwezi wa Septemba, nalo linamwambia jambo. Nimemsikia mmoja akisema, huku akiminya taulo, "Hili la mradi wa visima, bosi, halijafika kijiji chochote." Alisema kwa utani, wenzake wakacheka. Lakini hakuna mkaguzi wa hesabu aliyewahi kuandika sentensi iliyokwenda moja kwa moja namna hiyo.

Tukilitazama hivyo, kuosha ni kufuta kumbukumbu, na lazima tuulize kinachofutwa kinakwenda wapi. Jibu ni kwamba kinakwenda mtaroni, na kutoka mtaroni kinakwenda korongoni. Maji yenye sabuni, grisi na oili yanashuka kwenye makorongo ya mchanga ambayo mwaka mzima yanaonekana kama barabara nyeupe zisizo na kazi. Katika nchi hii ya kati, korongo la mchanga ni kisima. Kiangazi wanawake na watoto huchimba mchanga kwa mikono na kata, wanasubiri maji yajikusanye shimoni, wanayachota. Uchafu uliotolewa kwenye chombo cha mwenye nacho hautoweki. Unahamia kwenye kata ya mtu ambaye hajawahi kupanda chombo hicho. Ukitaka kujua usafi wa jamii, usitazame kilichooshwa. Tazama maji yaliyobaki yanapelekwa kwa nani.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Kuosha gari katika mji wa vumbi si dhambi, na kazi ya kuliosha ni kazi halali inayostahili heshima kuliko inavyopata. Kosa liko kwenye mpangilio: maji ya akiba ya vizazi yanatumika mara moja na kumwagwa, foleni inafuata cheo, mwenye mashine anahesabiwa na mwenye mikono hahesabiwi. Mpangilio uliwekwa na watu, na unaweza kupangwa upya na watu. Shimo la kuchujia maji kwa changarawe na mchanga si teknolojia ya anga. Maji ya suuza ya leo yanaweza kuwa maji ya kwanza ya kesho, na mtego wa grisi unaweza kujengwa na fundi yeyote wa mtaani. Jiji linaweza kutoza leseni kwa mwenye kiwanja na kumwonyesha namna, badala ya kumfukuza mwenye ndoo. Gambuti na glavu vinaweza kuwa sharti la leseni hiyo. Na ofisi za umma zinaweza kujiwekea utaratibu mwepesi: gari la Serikali lioshwe mara moja kwa wiki katika msimu wa kiangazi, na siku nyingine zote libebe vumbi la wananchi wake bila aibu.

Hilo la mwisho najua litachekesha. Lakini hebu fikiria msafara unaingia Mtumba Jumatatu asubuhi mwezi wa Oktoba, magari yote yana rangi ya barabara, na kijana wa presha ameketi benchini anazisoma namba moja moja, kisha anazisoma tairi: hili limetoka Kongwa, hili limetoka Chemba, hili lilikwama mahali penye tope jeusi. Siku hiyo angeweza kuanza na IST ya mwalimu, ambayo povu lake bado halijakauka.